Mlinzi Aliyelala Ulingoni

Mbagala, Dar es Salaam
6 Machi 2022

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta na nafuu ya miguu. Mpe Mama shikamoo yangu, na mdogo wangu Hadija msalimie. Juzi nilipokupigia uliniuliza "Nani?" mpaka salio likaisha. Masikio yako uliyaacha kwenye mashine za lile godauni la Kurasini, basi tutumie kalamu, kama wewe ulivyokuwa ukituandikia sisi miaka ile.

Nimepata kazi. Siyo ya bandarini. Ni mieleka. Najua umekunja uso, lakini nisikilize. Kampuni inaitwa Ngome, inafanya maonyesho kwenye kumbi na viwanja, watu wanalipa kiingilio. Mshindi hupangwa kabla, sikufichi. Ila kuanguka ni kuanguka kweli, na kumbeba mtu wa kilo tisini juu ya kichwa ni kumbeba kweli. Mwalimu wetu alicheza Afrika Kusini miaka kumi. Jana aliniambia mbele ya wenzangu kwamba tangu arudi nchini hajaona mtu anayejua kutumia mwili wake kama mimi. Mpaka Mussa, mwenzangu wa Newala, kuanguka namfundisha mimi.

Anayetunga visa ni Gideoni, yule mtoto wa Mwalimu Mlowe wa Magomeni niliyesoma naye Mtwara. Yeye ndiye anayeamua kila mchezaji awe nani, apendwe au achukiwe, ashinde lini. Bado wananitafutia jina.

Nina ombi moja. Lile koti lako la ulinzi, naomba unitumie. Ukumbini kuna viyoyozi, jasho likikauka mwilini napata kifua.

Mwanao,
Faraji


Kilambo
21 Machi 2022, saa mbili na robo asubuhi

Mwanangu Faraji,

Marahaba. Huku ni wazima. Mvua zimekuwa nyingi, palizi ya muhogo imetushinda, Mama yako na Hadija wako shambani sasa hivi nami nimebaki na miguu yangu.

Koti nimempa kondakta wa basi la asubuhi, liko ndani ya mfuko wa salfa ya mikorosho uliofuliwa. Nililivaa miaka kumi na tisa getini. Vifungo viwili vya chini si vyake, alivishona Mama yako nilipokuja likizo mwaka aliozaliwa Hadija. Mfukoni nimeacha filimbi kwa sababu sikuona pengine pa kuiweka. Koti hilo ndilo lililokusomesha, kwa hiyo kukukinga na baridi si kazi ngumu kwake.

Kuhusu mieleka sikukunja uso. Mimi kijijini kwetu nilikuwa naangusha watu wakati wa jando, muulize Mzee Kassimu wa dukani, bado ana kovu la kiwiko. Nimemwambia kwamba wewe umelipwa kwa lile lililompa yeye kovu. Amecheka sana.

Wakikupa jina niandikie. Watu wananiuliza.

Baba yako,
Yusufu Nandonde


Mbagala
14 Januari 2023

Baba yangu, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Koti lilifika salama, linanisaidia sana.

Jina wamenipa. Naitwa Chui wa Ruvuma. Naingia ulingoni kimya, sisemi na mtu, nawaangusha mmoja mmoja. Watu wanalipenda. Kuhusu kutazama, msihangaike. Video zetu hazifiki huko, na zile za kwenye simu ni vipande vipande tu, mtu haelewi kitu.

Nimetuma kitenge cha Mama kwa basi la Jumapili.

Mwanao,
Faraji


Dar es Salaam
3 Juni 2024

Kwa Gideoni Mlowe,

Ulisema hutaki tena kukamatwa kwenye korido kwa jambo hili, kwamba kama nina hoja niiandike. Naiandika.

Naomba univue Babu Mlinzi. Mwaka wa tatu huu naingia na koti na filimbi, naweka kigoda katikati ya ulingo, nakaa, nasinzia. Mpinzani ananitekenya kwa unyoya, nashtuka, nasema kwa lafudhi ya kwetu "Nani ntu huyo?" na ukumbi mzima unashika mbavu. Halafu napigwa. Nimehesabu mapambano arobaini na moja. Nimeshinda mawili, yote kwa sababu mpinzani alijikwaa kwenye kigoda.

Unakumbuka daftari ulilonionyesha wiki ya kwanza? Kisa cha wiki nane. Mtu asiyejulikana anatoka ng'ambo ya mto, hasemi neno, kila pambano anamaliza kwa mtupo mmoja ule ule, mpaka watu wanaanza kusimama kabla hajaufanya kwa sababu wanaujua unakuja. Kilikuwa kisa kizuri, Gideoni. Kiko wapi?

Mkanda anao Mussa. Nilitaka kuandika kwamba simwonei wivu, lakini uliniambia niandike hoja za kweli. Namwonea.

Nina miaka thelathini na moja na goti la kushoto limeanza kulia. Nikikaa miaka miwili mingine ndani ya lile koti, nitazeeka bila mtu yeyote kujua kwamba nilikuwa najua mieleka.

Faraji Y. Nandonde


Dar es Salaam
10 Juni 2024

Kaka Faraji,

Nimekaa na barua yako wiki nzima kwa sababu sina uso wa kukujibu.

Kile kisa nilikichana. Usiku ule ulipotoka na koti mara ya kwanza, mwenye kampuni alinipigia simu kunipongeza. Hajawahi kunipigia kwa jambo lingine. Tangu hapo kila nikishika kalamu kuandika kitu kipya juu yako naogopa nitaharibu, basi naandika kigoda tena. Wewe ulikifanya kichekeshe kwa sababu unaweza chochote, nami nikauchukua uwezo huo wote nikauweka kwenye kusinzia. Mwalimu wetu aliniambia mwaka jana kwamba nimechukua gari la kubebea mizigo mizito nikalifanya banda la kuku. Nilimkasirikia, hatujasalimiana vizuri mpaka leo.

Sasa sikiliza. Septemba tunakuja kwetu, Mtwara. Onyesho litarekodiwa lote na kupelekwa kwa wenye ulingo wa Johannesburg, wanataka kuchukua watu wawili. Nimekuombea dakika kumi na Mussa. Utaingia kama Babu Mlinzi, mabango yameshachapwa, sina la kufanya. Lakini kengele ikilia, vua koti, sukuma kigoda nje, pigana. Fanya yote unayoyajua. Mussa nimeshamwambia, amefurahi kuliko wewe utakavyofurahi.

Ila usilale. Hata sekunde moja.

Gideoni


Mbagala
12 Agosti 2024

Baba yangu, shikamoo.

Tarehe 21 Septemba kampuni yetu itakuwa Mtwara mjini. Najua ukisikia utataka kuja. Nakuomba usije. Kutoka Kilambo ni mwendo wa kuumiza miguu, uwanjani kuna moshi na kelele, hakuna viti vya kuegemea. Mimi nitakuja nyumbani siku inayofuata, nitakaa siku mbili, nitawasimulia yote.

Tafadhali, Baba. Usije.

Mwanao,
Faraji


Kilambo
20 Agosti 2024, saa tatu asubuhi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekusikia. Sitakuja.

Mikorosho imetoa maua mengi kuliko mwaka jana. Mama yako anakusubiri hizo siku mbili, ameshachagua kuku.

Yusufu Nandonde


Mtwara
23 Septemba 2024

Faraji,

Nimekutafuta Jumamosi baada ya onyesho, nimekutafuta Jumapili stendi, Mussa anasema ulipanda basi la kwanza kurudi Dar bila hata kufika kwenu. Namwachia dereva wetu barua hii akufikishie.

Sikugombezi. Nataka kuelewa tu. Kengele ililia. Ulivua koti. Uliruka, ukamshika Mussa kiuno, ukamtupa kama gunia la pamba, na nilimsikia mpiga picha akisema "Huyu ni nani?" Dakika mbili, Faraji! Dakika mbili sijaziona tangu nianze kazi hii. Nilikuwa nimeshika nguzo ya hema nalia.

Halafu wakaanza kule nyuma. "Lala! Lala! Lala!" Uwanja mzima ukapokea. Nilikuona ukigeuka kuwatazama. Ukatabasamu. Ukaliokota koti, ukakivuta kigoda, ukakaa, ukafumba macho.

Mussa alisimama hajui afanye nini. Alikusubiri. Alikuinamia akakwambia kitu, sijui nini. Mwishowe akakutekenya, kwa sababu hakukuwa na lingine.

Johannesburg nimewatumia picha jinsi zilivyo. Nadhani unajua watamchukua nani.

Lakini kosa ni langu, na naliandika hapa ili lisibaki la kusema mdomoni. Watu wale niliwafundisha mimi. Miaka mitatu nimewafundisha kwamba ukija wewe, wao wacheke. Wakakudai kile nilichowazoesha.

Gideoni


Mbagala
19 Oktoba 2024

Baba yangu, shikamoo.

Umesubiri siku mbili nilizoahidi, sikuja, na Mama alimchinja yule kuku bure. Nimeandika barua hii mara nne. Hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Sikuwahi kuwa Chui wa Ruvuma. Jina hilo lilikuwepo kwenye daftari la Gideoni, halikufika ulingoni. Mimi naitwa Babu Mlinzi. Navaa koti lako. Napuliza filimbi yako. Nalala kazini, naamka, nasema kama unavyosema wewe, "ntu" badala ya "mtu", "nchana" badala ya "mchana", watu wanacheka. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Ningependa kusema nililazimishwa. Gideoni mwenyewe anajilaumu, na mimi nimemwacha ajilaumu. Ukweli ni huu. Siku ya majaribio walituambia kila mmoja asimame aonyeshe yeye ni nani. Wenzangu walinguruma, wakapiga vifua. Zamu yangu ilipofika nilisimama pale kama mjinga, wakaanza kunong'onezana, nikaona kazi inaniponyoka. Basi nikakuigiza wewe. Nilikuigiza jinsi ulivyokuwa ukija likizo, unavyokaa, unavyovuta suruali magotini kabla ya kukaa, unavyouliza watu jina mara mbili. Halafu nikaongeza kusinzia, kwa sababu hukuwahi kusinzia na nilijua kwamba bila hilo hawatacheka. Mmoja alipiga meza kwa kicheko. Gideoni akaandika kitu haraka haraka. Nilipoomba koti, Baba, nilikuwa nimeshajua la nini.

Na Mtwara nilipewa nafasi ya kutoka. Nilivua koti. Dakika mbili nilikuwa mimi. Kisha wakaniita nilale, na sikuogopa wala sikulazimishwa. Nilifurahi. Watu wa kwetu wananiita, wananijua, wananitaka. Nilipokuwa nimefumba macho kwenye kigoda ndipo nikasikia Mussa akiniambia sikioni, "Kaka, inuka, nakuomba." Sikuinuka.

Wamemchukua Mussa na mwanamke mmoja anaitwa Zawadi. Jibu lao lilisema mchekeshaji ni mzuri sana, lakini wanatafuta wapiganaji.

Sijui nikuombe nini.

Faraji


Kilambo
4 Novemba 2024, saa moja na nusu asubuhi

Mwanangu Faraji,

Barua yako imefika jana saa kumi na dakika ishirini, kaleta dereva wa gari la Kilambo. Nimeisoma mara moja tu. Nilikuwa nayajua.

Nilikwambia sitakuja. Nilikuja. Hadija alinishika mkono, tulikaa nyuma kabisa upande wa geti, kwa sababu kukaa karibu na geti ni mazoea yangu. Nilikuona ukimtupa yule mwenzako. Nilimwambia Hadija, "Umeona nyonga yake? Ile ni yangu."

Kisha ukalala. Nami nikacheka, Faraji. Sikutaka kukuandikia hili lakini wewe umeandika yako. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, kwa sababu ulivyovuta suruali magotini ni sawasawa kabisa. Watu wa pembeni walinipigapiga mgongo wakicheka nami. Hadija hakucheka. Alinitazama, na nilipoona anavyonitazama ndipo nikaelewa nacheka nini. Tuliondoka kabla haijaisha.

Hukuanza Mtwara kuniaibisha. Kassimu ana simu kubwa. Tangu mwaka jana mwezi wa tano nilishaona vipande, nilipita dukani kwake vijana wakitazama. Mmoja akaniuliza, "Mzee, huyu si Faraji wako?" Nikamwambia, "Hapana. Anafanana naye tu. Wangu anaitwa Chui wa Ruvuma." Nilisema hivyo siku ile, nikasema tena msikitini, nikasema kwenye mnada wa korosho kwa mtu ambaye hata hakuniuliza. Nilikukana mbele za watu, mwanangu. Wewe uliniuza kwa kicheko, mimi nilikukana kwa heshima. Sioni mwenye nafuu.

Kuhusu kulala kazini. Ulisema sikuwahi kusinzia, na ni kweli. Miaka kumi na tisa. Watu hawajui ni kazi gani kukaa kwenye kiti cha mbao kutwa nzima ukiwa macho huku hakuna kinachotokea. Matajiri walipita wakidhani sifanyi kitu. Nilidhani nyumbani kwangu angalau wanajua. Hilo ndilo lililoniuma, si koti.

Sasa sikuelekezi. Lakini kama bado una pambano lolote huko, pigana hata mara moja, ujue mwenyewe. Ukishindwa, umeshindwa.

Baba yako


Masasi
23 Februari 2025

Baba yangu, shikamoo.

Nimepigana jana hapa Masasi. Nilimwomba Gideoni, naye akaniweka kwenye ratiba bila kumwambia mwenye kampuni. Kwenye karatasi aliandika Faraji Nandonde, basi. Koti nilimwachia mwalimu wetu. Alilikunja vizuri akaliweka kwenye kiti peke yake.

Nilicheza dakika nane na mtu mzito wa Tunduru. Baba, sikumbuki dakika nane nzuri kama zile maishani mwangu. Mtupo ule wa kwenye daftari la Gideoni niliufanya mara tatu, goti likiwa linawaka moto. Walianza "Lala!" dakika ya kwanza. Dakika ya tatu wakazomea. Dakika ya tano wakarusha chupa za maji. Baadaye wakanyamaza, na huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko chupa. Nilishindwa kama ilivyopangwa. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mwalimu, na alipiga peke yake kwa muda mrefu mpaka nikamwonea huruma.

Nikiwa nafunga goti nyuma ya hema, alikuja mama mmoja na watoto wake wawili. Ametoka Ndanda kwa ajili yetu. Akaniuliza, "Kaka, samahani, Babu Mlinzi hakuja leo?" Nikamwambia hakuja. Akasikitika, akawaambia watoto labda mwakani.

Mwenye kampuni alipiga simu asubuhi hii. Ama nirudi kwenye kigoda, ama niondoke. Gideoni alichukua simu mkononi mwangu akamwambia kwamba basi na yeye anaondoka. Nilimsihi asifanye hivyo, ana watoto. Kasema amechelewa miaka mitatu lakini bora afike. Sijui atakula nini.

Mwalimu anasema kwa goti hili nina mwaka mmoja, na hakuna kampuni nyingine nchini. Kwa hiyo yameisha. Nilikuwa na uwezo, Baba, sasa nina uhakika nao, na walioushuhudia ni watu waliokuwa wakizomea.

Ningependa kurudi nyumbani, kama panafaa. Naweza kuja jioni kwa njia ya mashambani, watu wasinione.

Mwanao,
Faraji


Kilambo
8 Machi 2025, saa tatu kasorobo asubuhi

Mwanangu Faraji,

Marahaba. Tumeanza kufunga Jumapili iliyopita. Mama yako na Hadija wazima.

Jana, baada ya swala ya Ijumaa, watu walipokuwa wakivaa viatu, niliwaomba wasimame kidogo. Sijazoea kusema mbele za watu. Nikawaambia, "Yule Babu Mlinzi mnayemtazama kwenye simu ni Faraji mwanangu. Niliwaambia siye, nilisema uongo. Na yule mzee anayemwiga ni mimi. Chui wa Ruvuma hajawahi kuwepo." Nikawaambia pia kwamba Masasi umepigana dakika nane wakikuzomea na hukulala. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Nilikuwa nimeshika ukuta.

Hakuna aliyecheka. Kassimu alimaliza kufunga kiatu chake, akaja, akaniambia taratibu sikioni, upande unaosikia, "Yusufu, tulijua. Tangu siku ya kwanza kabisa. Kila ukipita dukani tulikuwa tunazima simu, tukaambizana mtu asikuulize tena. Tulikuwa tunakustahi."

Miaka miwili, Faraji. Kijiji kizima kilikuwa kinanichunga mimi, nami nikidhani naficha. Nilirudi nyumbani na aibu nyingine juu ya ile ya kwanza, nikaketi.

Panafaa. Ni kwenu. Lakini usije jioni wala usipite mashambani. Shuka pale sokoni, saa sita, watu wakiwa wengi. Niandikie siku, nami nitakuwa nimesimama mbele ya duka la Kassimu. Hakutakuwa na la kusema, na wala sitaki useme. Tutapita katikati ya watu polepole, kwa sababu ya miguu yangu na goti lako, mpaka nyumbani.

Baba yako,
Yusufu Nandonde